Idadi ya wanaolala nje haituambii hali zao

Ndugu Mhariri,

Takwimu za watu wasio na makazi zikitangazwa, magazeti huchapisha idadi: wako wangapi, wameongezeka au wamepungua. Siku hizi baadhi ya taasisi zimesogea mbele kidogo na kutangaza pia "ustawi" wa watu hao, kwa wastani wa alama fulani kati ya mia au asilimia fulani waliosema wameridhika na maisha. Tunafurahi kwamba swali hilo limeanza kuulizwa. Ila sisi ambao kazi yetu ni kuandaa madodoso, kufunza wahojaji na kuchambua majibu ya wanaolala nje na wanaojishikiza kwa jamaa, tunaomba nafasi katika ukurasa huu kueleza kwa nini alama nyingi za aina hiyo haziaminiki, na zinavyoweza kupatikana alama za kuaminika. Mara nyingi kinachopimwa ni ugumu wa sakafu, njaa ya siku ile au adabu ya mhojiwa, kisha matokeo yanabandikwa jina la ustawi.

Tuanze na madodoso yenyewe, kwani mengi yalitungwa yakimfikiria mtu mwenye nyumba. Lipo dodoso la sonona liitwalo PHQ-9, linalotumika karibu kila mahali. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na wengi huchukua alama 10 kuwa kizingiti cha sonona inayohitaji uangalizi. Kati ya maswali hayo, moja ni la usingizi, jingine la uchovu, jingine la hamu ya kula. Mtu anayelala juu ya saruji, anayefukuzwa alfajiri na kula mara moja kwa siku anaweza kufikisha alama 9 kwa maswali hayo matatu peke yake. Swali la chakula linauliza hamu, lakini asiye na chakula hujibu kuhusu chakula. Alama moja ikiongezeka popote pale, ameshavuka kizingiti. Dodoso hilohilo linauliza kama mtu hupata shida kutuliza akili, na mfano uliotolewa ni kusoma gazeti au kutazama televisheni.

Hatusemi kwamba watu hawa hawana sonona. Wengi wanayo, na nzito. Tatizo ni kwamba jumla ile moja haitenganishi maradhi na mazingira, na tiba za mambo hayo mawili ni tofauti. Dodoso lisitupwe. Alama za maswali ya mwili zichapishwe kando na alama za maswali ya moyo, na baada ya swali la usingizi liongezwe moja la kufuatilia: hulali kwa sababu mawazo hayakuachi, au kwa sababu pale unapolala hapalaliki? Swali hilo halichukui hata nusu dakika.

Kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani kiitwacho WHO-5 kina tatizo la namna hiyo. Kina kauli tano, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla huzidishwa kwa 4 ili ifike 100, na aliye na 50 au chini yake huhesabiwa kuwa na ustawi duni. Kauli mojawapo ni kwamba mtu ameamka akiwa mwenye nguvu na aliyepumzika. Kwa aliyelala ameketi kwenye benchi, kauli hiyo inapima benchi. Dodoso la afya kwa jumla liitwalo SF-36 linauliza kama afya inamzuia mtu kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Wasio na meza hujibu kwa kukisia, na mhojaji asiyefunzwa hujaza chochote ili ukurasa usibaki wazi.

Halafu kuna kipimo cha afya kiitwacho EQ-5D, ambacho wachumi wa afya hukipenda kwa kuwa kinageuzwa kuwa thamani moja ya kulinganisha gharama za huduma. Kinauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu na wasiwasi. Kinauliza kuhusu leo. Kwa mtu ambaye usiku mmoja hupata kitanda na usiku wa pili hukosa, "leo" ni bahati nasibu. Na hakiulizi kabisa usalama, faragha, heshima wala uhuru wa kufunga mlango, mambo ambayo ndiyo hubadilika mtu anapopata makazi.

Madhara yake yalionekana wazi Kanada. Kati ya 2009 na 2013 jaribio kubwa liitwalo At Home/Chez Soi lilifanyika katika miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, likiwa na washiriki zaidi ya 2,000 wasio na makazi wenye maradhi ya akili. Waligawanywa kwa kura: wengine walipewa nyumba na msaada mara moja bila kutakiwa kwanza waache pombe au waanze matibabu, wengine waliendelea na huduma za kawaida. Matokeo ya washiriki wenye mahitaji ya wastani yalichapishwa 2015. Waliopewa nyumba walikaa katika makazi thabiti siku nyingi zaidi kuliko wenzao, na tofauti ilikuwa kubwa. Lakini alama za EQ-5D hazikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Anayesoma mstari huo peke yake atasema nyumba haiongezi ustawi. Wakati huohuo, kwa washiriki wenye mahitaji makubwa, kipimo cha ubora wa maisha kilichotungwa kwa ajili ya watu wenye maradhi makali ya akili kiliona tofauti, hasa katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba mradi fulani haukusaidia, mwandishi aulize kilitumika kipimo gani na ndani yake mna maswali gani.

Je, kuna kipimo kilichoanza upande wa wahusika wenyewe? Kipo. Watafiti wa Kanada, miongoni mwao Anita Hubley na Anita Palepu, walianza kwa kukaa vikundi na watu wasio na makazi na wenye makazi yasiyo na uhakika katika miji minne, Vancouver, Toronto, Ottawa na Montreal, wakiwauliza ni mambo gani hasa yanayoyafanya maisha yao yawe bora au mabaya. Kutokana na mazungumzo hayo walitunga dodoso linaloitwa kwa kifupi QoLHHI. Jambo la kujifunza humo ni umbo la swali. Mtu haulizwi tu kama ana kitu fulani au kama ameridhika nacho. Anaulizwa kwanza hali ilivyo, kisha anaulizwa hali hiyo inamwathiri vipi: inamdhuru sana, kiasi au kidogo, haimwathiri, inamsaidia kidogo, kiasi au sana, kwa ngazi saba ambazo katikati yake ni sifuri.

Umbo hilo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Kuishi karibu na ndugu humsaidia mmoja na kumtesa mwingine. Kutokuwa na kazi ni balaa kwa kijana na ni nafuu kwa mgonjwa aliyekuwa akilazimishwa kubeba mizigo. Kitanda katika kituo cha usiku humkinga mtu na mvua, na pengine ndiko anakoibiwa viatu. Dodoso la kawaida hupanga mapema kwamba kuwa na jamaa ni alama moja, kuwa na kitanda ni alama moja, kisha hujumlisha. QoLHHI humwachia mhusika aseme jambo linavuta upande gani. Mchambuzi naye hupata majibu mawili badala ya moja, na akiyaweka sambamba huona palipo na hali mbaya isiyoumiza na palipo na hali inayoonekana nzuri kumbe inaumiza.

Sehemu nyingine ya dodoso la QoLHHI imejengwa juu ya nadharia ya mtafiti Alex Michalos ya 1985. Yeye alisema kuridhika kwa mtu hutokana na mapengo anayoyaona kati ya alicho nacho na vipimo saba: anachotaka, walicho nacho wengine wanaomhusu, kilicho bora alichowahi kuwa nacho, alichotazamia miaka mitatu iliyopita kuwa nacho sasa, anachotazamia kupata baada ya miaka mitano, anachostahili, na anachohitaji. Tunaitaja kwa sababu inafumbua fumbo linalowachanganya wasomaji wengi wa magazeti: inakuwaje mtu anayelala barazani aseme ameridhika? Mwaka 2001 wanasaikolojia Robert Biswas-Diener na Ed Diener walichapisha utafiti wa watu 83 wa Calcutta, India, wakiwemo wanaolala kandokando ya barabara. Kuridhika kwao kwa jumla kulikuwa chini, lakini katika baadhi ya maeneo, hasa mahusiano na watu wao, walijitaja vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2006 wakawalinganisha na watu wasio na makazi wa California na Portland huko Marekani, na wale wa Calcutta ndio waliojieleza kuwa na nafuu.

Mtu anaweza kuyatumia matokeo hayo vibaya sana, akasema maskini wamezoea. Mwanauchumi Amartya Sen ameonya kwa miaka mingi kwamba aliyenyimwa kwa muda mrefu hupunguza matamanio yake ili aweze kuishi, na kupungua kwa matamanio si kupungua kwa unyimwaji. Ndiyo maana swali moja la "umeridhika?" halitoshi kamwe. Ukiuliza mapengo yote saba, utaona mtu ambaye hana pengo kati ya alicho nacho na anachotazamia, kwa sababu hatazamii tena chochote, ilhali pengo kati ya alicho nacho na anachohitaji ni kubwa mno. Wastani wa yote hayo huficha. Yachapishwe moja moja.

Hapa tuseme jambo ambalo halipatikani katika miongozo ya kigeni, nalo linawahusu wote wanaohoji kwa Kiswahili. "Kuridhika" kwetu ni tabia njema. Mtu wa kuridhika husifiwa. Kwa hiyo ukimuuliza mtu mzima "umeridhika na maisha yako?", unamwomba ama ajisifu kwa subira ama akiri kukosa shukrani, na wengi watasema wameridhika, wakamshukuru Mungu na kukutazama usoni. Swali la "hali yako ikoje kwa ujumla?" ni baya zaidi, kwani ni salamu. Jibu la salamu ni nzuri, hata msibani. Tumeona kwamba majibu hubadilika sana pale swali linapoulizwa kwa vitu na vitendo: jambo hili linakuumiza, halikugusi, au linakufaa? Kwa kiasi gani?

Maneno ya kadiri nayo ni mtego. "Mara nyingi" na "mara kwa mara" hayana mpangilio mmoja katika vichwa vya watu; wapo wanaoona la kwanza ni zito zaidi na wapo wanaoona kinyume. Mfasiri akiyaweka katika mizani moja, ngazi mbili za katikati huchanganyika na takwimu zinaharibika bila mtu kujua. Tumia siku: katika siku kumi na nne zilizopita, ni siku ngapi? Mpe kadi yenye vidoti kumi na vinne aonyeshe kwa kidole. Kwa tathmini ya jumla, ngazi ya Hadley Cantril ya 1965, yenye vipandio 0 hadi 10, huchorwa kwenye karatasi na mtu huonyesha kipandio alipo, hata kama hajui kusoma. Ichorwe wima. Ikilazwa, baadhi huisoma kama rula na kuuliza mwanzo ni upande upi.

Swali la "unaishi wapi?" pia lina hila. Wengi hutaja walikozaliwa au nyumba ya wazazi, hata kama hawajafika huko kwa miaka kumi. "Nyumbani" ndiyo kabisa. Uliza "usiku wa kuamkia leo umelala wapi?", kisha "na wa kuamkia jana?" Ukisema "jana usiku" bila kufafanua, mwingine atataja usiku tofauti na ule unaoufikiria wewe. Na saa: mhojiwa akisema alipata usingizi saa nane, ni saa nane ya usiku kwa hesabu yetu, ilhali simu au tableti inayojazwa inahesabu kwa mtindo mwingine. Mhojaji mmoja akibadilisha na mwenzake asibadilishe, saa za usingizi za nusu ya washiriki hupotoka kwa saa sita. Chagueni mtindo mmoja, uandikwe juu ya fomu, na kila mhojaji arudie saa kwa maneno: "saa nane usiku, ndivyo?"

Sasa, ni nani anayehojiwa? Hapa ndipo makosa makubwa zaidi hutokea, ingawa hayaonekani kwenye jedwali. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu sensa hutofautisha wanaoishi mitaani bila paa na wanaohamahama kati ya nyumba za watu, vituo na mahali pengine pa muda. Mfumo wa Ulaya uitwao ETHOS, uliotolewa mwaka 2005 na FEANTSA, shirikisho la Ulaya la mashirika yanayoshughulikia wasio na makazi, una makundi manne: wasio na paa, wasio na nyumba, wenye makazi yasiyo salama kisheria au kiusalama, na wenye makazi yasiyofaa. Utafiti unaohoji vituoni tu umechukua kipande kimoja. Nje ya macho wanabaki anayelala sebuleni kwa shemeji, familia mbili zinazopokezana chumba, mpangaji mwenye barua ya kufukuzwa mfukoni.

Watu hao wa makazi yasiyo na uhakika hawako katika nafuu kubwa kama inavyodhaniwa. Utafiti ulioanza 2009 huko Vancouver, Toronto na Ottawa uliwafuatilia watu wapatao 1,200, nusu hawana makazi na nusu wana makazi ya mashaka. Maradhi, maumivu na shida za kupata huduma vilikuwa vya kulingana mno katika pande zote mbili. Wengi wao huvuka mpaka huo kwenda na kurudi, kwa hiyo kuwahesabu kama jamii mbili zisizokutana ni kosa.

Kuwatambua kunahitaji maswali mahususi. Nani ana ufunguo? Mwenye nyumba, au mwenyeji wako, akikutaka uondoke, una siku ngapi? Vitu vyako viko wapi sasa hivi, na nani anaweza kuvigusa bila ruhusa yako? Mnalala wangapi chumba kimoja? UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, huhesabu zaidi ya watu watatu kwa chumba kuwa msongamano. Unaweza kuoga na kujisaidia usiku bila kuomba? Katika miezi sita umehama mara ngapi, na mara ngapi kwa hiari? Swali la ufunguo peke yake hutenganisha watu vizuri kuliko swali refu la aina ya makazi, maana mtu anaweza kuona haya kusema amejishikiza, lakini hataona haya kusema hana ufunguo.

Njia ya kupata sampuli nayo hubadilisha jibu. Marekani huhesabu kwa usiku mmoja katika siku kumi za mwisho za Januari. Hesabu ya usiku mmoja hupendelea wanaokaa muda mrefu. Tuchukue mfano wa kituo chenye vitanda 20. Vitanda 10 vinalaliwa na watu walewale mwaka mzima. Vitanda 10 vingine hubadilisha watu kila mwezi, hivyo kwa mwaka vimepokea watu 120. Usiku wowote utakaoingia, nusu ya utakaowakuta ni wakaaji wa kudumu; lakini kwa mwaka wote ni 10 tu kati ya 130, yaani takriban asilimia 8. Ukipima ustawi usiku ule, nusu ya wastani wako unatoka kwa kundi dogo lenye shida za kipekee. Watafiti Randall Kuhn na Dennis Culhane walipochambua kumbukumbu za vituo vya New York na Philadelphia mwaka 1998, waliona kama asilimia 80 walipita kwa muda mfupi, asilimia 10 walikuwa wakirudi rudi, na asilimia 10 za mwisho, wale wa kudumu, walitumia karibu nusu ya siku zote za vitanda. Dawa yake ni kumuuliza kila mshiriki amekaa hapo siku ngapi na kumpa uzito mdogo zaidi katika wastani kadiri muda huo ulivyo mrefu, au kuhoji kila anayeingia kwa mwezi mzima.

Wanaolala nje hupatikana kwa shida, na wengi hujificha kwa makusudi, hasa wanawake. Njia moja ya kujua ni wangapi waliokosekana ni kuwaweka watu wa kujaribia. Tuseme umewapanga 20 mitaani wakivaa na kukaa kama wengine, na wahesabuji wasijue ni akina nani. Wakikutwa 15, umefikia asilimia 75. Hesabu ya watu 300 hapo inaashiria 400. New York imetumia njia hii. Kwa waliojificha majumbani mwa watu, hutumika kuponi: anayehojiwa hupewa kuponi, kwa kawaida tatu, awape anaowafahamu wenye hali kama yake. Mwanasosiolojia Douglas Heckathorn aliieleza njia hiyo mwaka 1997. Inafanya kazi pale tu kila mtu anapoulizwa anawafahamu wangapi, kwa sababu mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa ya kuvutwa na lazima apunguziwe uzito. Na malipo yakiwa makubwa, kuponi huuzwa. Utaligundua hilo unapoona anayekuja hamjui aliyempa.

Mahojiano yenyewe yana kanuni ambazo zikivunjwa hakuna hesabu itakayoziponya. Mhojaji asiwe mtumishi wa kituo kinachotoa kitanda au chakula, kwa kuwa hakuna atakayemlalamikia anayeshika ufunguo wa mlango. Pachaguliwe mahali ambapo wawili hao wanaonekana lakini hawasikiki. Wakati wa foleni ya chakula uepukwe: mtu akiwa na wasiwasi wa kupoteza nafasi yake, hujibu "ndiyo" kwa kila kitu ili amalize. Atangulizwe maji na kitu cha kutia tumboni. Dakika 40 zinatosha. Baada ya hapo majibu huanza kufanana kutoka swali hadi swali, na mchambuzi mwangalifu huiona safu ya alama 3, 3, 3, 3 ikianza mahali palepale kwenye kila fomu.

Malipo yatajwe kabla, yawe sawa kwa wote, na yatolewe hata kwa anayesitisha katikati. Ridhaa isiwe kutia saini tu. Baada ya maelezo mhojaji aulize maswali matatu: tutazungumza kuhusu nini, ukikataa huduma yako itaathirika, unaweza kuacha wakati gani? Asiyeweza kujibu baada ya kuelezwa mara ya pili asihojiwe siku hiyo. Pengine amelewa au amechoka tu, arudi kesho.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu kufikiria kujiua au kujidhuru. Wapo wanaolifuta ili kukwepa wajibu. Tunapinga. Lakini kuliuliza bila mpango ni ukatili. Kabla ya siku ya kwanza lazima pawepo mtu aliyetajwa kwa jina kwenye ratiba, mwenye ujuzi, anayeweza kufika au kupokea simu saa ile ile, na mhojaji ajue maneno atakayosema jibu likiwa zaidi ya 0. Vivyo hivyo kwa maswali ya ukatili: hayaulizwi mbele ya mwenyeji, wala mbele ya mtoto aliyekwisha jifunza kusema.

Kufuatilia baada ya miezi sita ndipo wengi huchoka. Wanaopotea hawapotei ovyo; aghalabu ndio waliozidiwa, au waliopata kazi wakahama. Ukilinganisha wastani wa mwanzo wa watu 200 na wastani wa mwisho wa 110 waliorudi, umelinganisha makundi mawili tofauti. Linganisha 110 na 110 walewale, kisha uchapishe kando alama za mwanzo za waliopotea. Siku ya kwanza chukua majina ya watu watatu wanaoweza kumpata mshiriki, mahali anapopatikana asubuhi na jioni, na umuulize: ujumbe ukiachwa kwa simu ya mtu mwingine, tuseme sisi ni nani? Simu nyingi ni za kuazima, na neno "utafiti wa wasio na makazi" likisikika na mwajiri au mwenyeji linaweza kumfukuzisha.

Katika kufuatilia makazi, swali la "umelala nje siku ngapi katika miezi sita?" halina jibu la kuaminika. Hutumika kalenda. Tandaza miezi sita mezani, tia alama sikukuu, siku ya kutoka hospitalini, msiba, mwanzo wa mvua. Anzia usiku wa kuamkia leo urudi nyuma kipande kwa kipande, ukiandika kila usiku alilala wapi. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba njia ya aina hii hutoa majibu yanayofanana mtu anapoulizwa tena. Kwa kawaida huibuka mihamo ambayo mhojiwa mwenyewe alikuwa ameisahau, na ndiyo inayoeleza kwa nini alama za ustawi zilishuka mwezi wa tatu.

Ombi letu kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha alama ya ustawi wa watu hawa, chapisheni pamoja nayo maneno kamili ya swali kwa lugha lililoulizwa, linahusu siku au wiki ngapi, mahali na saa mahojiano yalipofanyika na aliyeyafanya, na ni wangapi waliokataa au waliopotea. Taasisi iliyotoa alama ikishindwa kuwapa hayo manne, andikeni idadi ya watu tu na muache nafasi ya ustawi wazi mpaka yapatikane.

Wasomaji wenu,
Waandaaji wa madodoso na wakufunzi wa wahojaji